Nukuu Isiyofungwa: Uhakiki wa Ugawaji wa Matini ya Kiswahili kwa Kompyuta

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna zana za kawaida za programu za kompyuta zinavyogawa matini ya Kiswahili kuwa orodha ya maneno pale matini hiyo inapokuwa na vifungu vilivyozungushiwa alama za nukuu. Zana hizo zimetoka katika mazingira ya amri za kompyuta na ya majedwali ya data, na kila moja imebeba dhana yake kuhusu nukuu ni nini. Kwa kupitisha sentensi za Kiswahili katika zana hizo, makala inaonesha kwamba ritifaa ya ng' huchukuliwa kuwa mwanzo wa nukuu. Kwamba kosa linalotangazwa na kompyuta lina madhara madogo kuliko kosa linalopita kimya. Na kwamba kufutwa kwa alama za nukuu kunaweza kumbadilisha msemaji katika matini ya kifasihi. Makala inapendekeza kanuni chache zinazotokana na fonolojia na tahajia ya Kiswahili, inaonesha mipaka yake, na inahitimisha kwamba ugawaji wa matini ni tendo la kifasiri linalopaswa kuelezwa katika mbinu za utafiti.

Maneno makuu: ritifaa, alama za nukuu, ugawaji wa matini, korpasi, usemi halisi

1.0 Utangulizi

Utafiti wa leksikografia na wa elimumitindo unaotegemea korpasi huanza na hatua ambayo kwa kawaida haielezwi. Kabla ya kuhesabu marudio ya maneno, kutafuta maneno yanayoandamana, au kulinganisha msamiati wa waandishi wawili, matini hukatwa vipande, na vipande hivyo hupangwa katika orodha. Mtafiti hupokea orodha hiyo kama mtu anayepokea unga kutoka mashineni: anaupima, anaupika, lakini haulizi nini kilitokea baina ya punje na unga. Makala hii inalenga hatua hiyo, hasa sehemu yake moja ambayo inaonekana ndogo, yaani namna ya kukata matini yenye vifungu vilivyonukuliwa.

Tatizo lenyewe ni rahisi kulieleza. Tuseme mwanaleksikografia anataka kuipa programu orodha ya vidahizo vya kutafutwa katika korpasi, na baadhi ya vidahizo hivyo ni nahau zenye maneno zaidi ya moja. Ili nahau zisivunjwe, anazizungushia nukuu:

(1) ng'ombe "kata kamba" "piga moyo konde" mvua

Matarajio yake ni orodha ya vipengele vinne: ng'ombe, kata kamba, piga moyo konde, na mvua. Programu ikikata kila inapokuta nafasi tupu, itampa vipengele saba, na nukuu zitabaki zimening'inia kwenye ncha za maneno. Akitumia zana inayotambua nukuu, huenda asipate orodha yoyote. Programu itasimama na kumwambia kwamba kuna nukuu isiyofungwa. Nukuu hiyo haionekani popote katika mfano (1), kwa sababu mwandishi hakuiandika. Kompyuta imeiona katika neno la kwanza, pale ambapo msomaji wa Kiswahili anaona herufi.

Hoja kuu ya makala ni kwamba matokeo hayo hayatokani na uzembe wa mtunga programu wala na udhaifu wa tahajia ya Kiswahili. Yanatokana na kuhamisha zana kutoka mazingira yaliyoizaa hadi kwenye matini ya lugha asilia bila kuhoji nadharia ya matini iliyojificha ndani yake. Kuhoji huko ni kazi ya mwanaisimu na mhakiki kabla ya kuwa kazi ya fundi.

2.0 Zana tatu na dhana zake kuhusu nukuu

Tutachukua mifano kutoka lugha ya programu ya Python, kwa kuwa hutumika sana katika uchakataji wa lugha na zana zake za aina hii zimo ndani ya maktaba yake ya msingi. Zana tatu zinatosha kuonesha mitazamo mitatu.

Ya kwanza ni split, ambayo isipopewa kitenganishi maalumu hukata matini kila inapokuta nafasi tupu. Kwa zana hii nukuu haipo kama dhana. Ni alama kama alama nyingine. Ya pili ni shlex, moduli iliyoandikwa na Eric S. Raymond mwaka 1998 kwa ajili ya kuchanganua maandishi yanayofanana na amri za sheli ya Unix. Amri yake ya kukata, shlex.split, hufuata desturi ya sheli: nukuu moja na nukuu mbili zote hufungua kifungu, kifungu hicho huendelea mpaka alama iliyokifungua ionekane tena, na alama zenyewe huondolewa. Tena, nukuu inaweza kufunguka popote, hata katikati ya neno. Ya tatu ni csv, moduli ya kusoma majedwali ambamo data hutenganishwa kwa koma au alama nyingine. Desturi ya majedwali hayo, ambayo ilielezwa katika waraka wa RFC 4180 wa mwaka 2005, ni kwamba nukuu mbili huzunguka sehemu nzima ya data. Katika moduli hii, kwa mpangilio wake wa kawaida, nukuu hufungua kifungu ikiwa tu imekaa mwanzoni mwa sehemu. Ikikaa katikati huachwa kama ilivyo.

Tuzipitishe zana hizo katika sentensi moja:

(2) Mfugaji akasema "mvua imegoma" akampeleka ng'ombe ng'ambo ya mto

Msomaji anayetaka kifungu kilichonukuliwa kibaki kitu kimoja atahesabu vipengele vinane. Zana ya split inatoa tisa, kwa kuwa inavunja mvua imegoma. Zana ya shlex inatoa saba:

(3) Mfugaji | akasema | mvua imegoma | akampeleka | ngombe ngambo | ya | mto

Kifungu kilichokusudiwa kimehifadhiwa vizuri. Hata hivyo, ritifaa ya ng'ombe imefungua kifungu kingine, ritifaa ya ng'ambo imekifunga, na maneno mawili yameshikamanishwa kuwa moja. Ritifaa zote mbili zimetupwa. Zana ya csv, ikiambiwa kwamba kitenganishi ni nafasi tupu, inatoa vipengele vinane vilivyotarajiwa.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha hapa kwamba csv ndiyo jibu. Mafanikio yake, hata hivyo, yametokana na sadfa. Inafaulu kwa kuwa haijali nukuu moja na kwa kuwa sentensi (2) ni safi mno. Tukiweka nafasi mbili baina ya maneno, itaongeza kipengele kitupu katika orodha. Tukifungua mabano kabla ya nukuu, haitaitambua nukuu hiyo, kwa sababu sasa haiko mwanzoni mwa sehemu. Tukiweka koma baada ya nukuu ya kufunga, koma hiyo itagandamana na kifungu. Na nukuu mbili ikisahauliwa kufungwa, zana itaendelea kumeza mistari inayofuata hadi ikutane na nukuu nyingine au mwisho wa faili. Jedwali la data halina mabano ya ufafanuzi wala mwandishi aliyesahau. Riwaya inavyo vyote viwili.

Kwa hiyo kila zana ina nadharia yake. Kwa split, matini ni mfululizo wa vitu vinavyotenganishwa na uwazi. Kwa shlex, ni amri ambayo mtoaji wake anazijua kanuni na anawajibika kuzifuata. Kwa csv, ni safu ya visanduku. Hakuna hata moja inayoichukulia matini kuwa mazungumzo baina ya sauti mbalimbali, na hilo ndilo tutakalolirudia katika sehemu ya nne.

3.0 Ritifaa: herufi iliyovaa vazi la alama

Katika tahajia ya Kiswahili Sanifu, ng' huwakilisha fonimu moja, nazali ya kaakaa laini, ilhali ng bila ritifaa huwakilisha nazali hiyo ikifuatwa na kipasuo. Tofauti hiyo hubeba maana: ng'oa ni kitenzi cha kutoa kitu kilichoshika au kilichoota mizizi, na ngoa ni nomino yenye maana ya tamaa au wivu. Ritifaa hapa haitenganishi chochote na haiwakilishi sauti iliyodondoshwa. Ni sehemu ya herufi.

Historia inasaidia kueleza jinsi hali hii ilivyotokea. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika ilipotoa mapendekezo yake ya tahajia mwaka 1927 na kuyarekebisha mwaka 1930, ilipendekeza herufi ŋ kwa sauti hii. Luganda ni miongoni mwa lugha zilizoipokea herufi hiyo katika tahajia yake. Kiswahili, ambacho usanifishaji wake ulisimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka huohuo wa 1930, kilibaki na alfabeti ya Kilatini isiyo na herufi za ziada. Uamuzi huo ulikuwa na faida iliyo wazi: taipureta yoyote iliweza kuandika Kiswahili. Gharama yake haikuonekana kwa miongo kadhaa, kwa sababu msomaji wa kibinadamu hakuwahi kuichanganya ritifaa ya ng'ombe na nukuu. Imeonekana sasa kwa kuwa msomaji wa kwanza wa matini nyingi ni mashine.

Kosa linalotokana na jambo hili huja kwa sura mbili. Idadi ya ritifaa katika matini ikiwa witiri, shlex hulalamika na kusimama, kama ilivyo kwa mfano (1). Idadi hiyo ikiwa shufwa, zana haisemi kitu. Neno ng'ang'ania, lenye ritifaa mbili, hupita na kutoka likiwa ngangania. Sura hii ya pili ndiyo yenye hatari, na ukubwa wa hatari hutegemea umbali baina ya ritifaa moja na nyingine. Tazama:

(4) Aling'amua kuwa "kisima kimekauka" akang'aka

Kwa shlex, sentensi nzima ni kipengele kimoja. Ritifaa ya kwanza imefungua kifungu, ya pili imekifunga, na kila kilicho katikati kimemezwa pamoja na nukuu mbili, ambazo sasa zimeshushwa hadhi na kuwa alama za kawaida ndani ya nukuu isiyokuwapo. Kifungu pekee ambacho mwandishi alikinukuu ndicho pekee ambacho zana haikukitambua. Katika sura ya riwaya ambamo king'ora kinalia katika ukurasa wa kwanza na mtu anang'oa mhogo katika ukurasa wa tatu, kurasa zote za katikati zinaweza kuingia kwenye orodha zikiwa neno moja, na hakuna ujumbe wowote utakaomfikia mtafiti.

Madhara hayaishii katika kuhesabu. Uchanganuzi wa mofolojia hufuata ugawaji. Hauwezi kurekebisha kilichopotea kabla yake. Kazi za Arvi Hurskainen katika Chuo Kikuu cha Helsinki, ambaye mwaka 1992 alichapisha katika Nordic Journal of African Studies maelezo ya mfumo wake wa kuchanganua mofolojia ya Kiswahili kwa kompyuta, zimeonesha kwamba kitenzi cha Kiswahili kinaweza kuchambuliwa kwa usahihi mkubwa iwapo kanuni za lugha zitapewa nafasi ya kwanza. Lakini kichanganuzi chochote kikipewa wamengoa badala ya wameng'oa, hakina njia ya kujua kwamba mzizi ulibadilishwa njiani. Ama kitalikataa neno au kitalikisia. Vivyo hivyo kwa majina mahususi: Chang'ombe, Murang'a, Lang'ata. Mtafiti anayechora ramani ya mahali panapotajwa katika magazeti atavikosa vitongoji vizima kwa sababu ya alama moja.

Kuna utata mwingine unaozidisha tatizo. Alama inayoandikwa kama ritifaa ina umbo zaidi ya moja katika kiwango cha Unicode. Ipo ritifaa iliyonyooka ya taipureta, U+0027. Ipo nukuu moja ya kufunga iliyopinda, U+2019. Na ipo ritifaa iliyoainishwa kuwa herufi, U+02BC. Programu za kuandikia hupindisha nukuu zenyewe bila kuulizwa. Sentensi (2) ikiandikwa kwa nukuu zilizopinda, shlex haitambui hata moja kati yake. Ng’ombe na ng’ambo husalimika, lakini “mvua imegoma” huvunjwa, na tunapata vipengele tisa. Sentensi ileile, zana ileile, na matokeo mawili tofauti, saba kwa alama zilizonyooka na tisa kwa zilizopinda, na hakuna kati ya hayo lililo sahihi. Mtafiti aliyekusanya matini kutoka vyanzo mbalimbali atakuwa na mchanganyiko wa maumbo hayo bila kuyaona, kwa kuwa katika hati nyingi za uchapaji tofauti yake ni ndogo mno kwa jicho.

4.0 Mtajo na usemi

Hadi hapa tumechukulia kwamba lengo la kukiacha kifungu kilichonukuliwa kikiwa kizima ni lengo sahihi. Ni sahihi kwa orodha ya vidahizo kama ile ya mfano (1). Je, ni sahihi kwa matini ya kifasihi?

Istilahi za Kiswahili zenyewe zinatupa pa kuanzia. Alama hizi huitwa na baadhi ya wanasarufi alama za mtajo na na wengine alama za usemi. Majina hayo hutumiwa kama visawe, lakini yanaelekeza kwenye kazi mbili tofauti. Katika mtajo, mwandishi analiinua neno au kifungu na kukionesha: jina la kitabu, istilahi inayojadiliwa, nahau, neno linalotumiwa kwa kejeli. Kifungu cha mtajo kinaweza kuwa kitu kimoja katika orodha, kwa kuwa mwandishi mwenyewe amedai kwamba ni kimoja. Katika usemi, alama huonesha mpaka baina ya sauti ya msimulizi na sauti ya mhusika. Ndani ya mpaka huo mna sentensi kamili, pengine aya nzima, zenye maneno ambayo mtafiti anataka kuyahesabu moja moja. Kuyafunga yote kuwa kipengele kimoja ni sawa na kuyaondoa katika korpasi.

Zana tulizozijadili hazijui tofauti hiyo, na haziwezi kuijua, kwa kuwa haimo katika umbo la alama. Zaidi ya hapo, shlex na csv hufuta nukuu baada ya kuzitumia. Tazama mfano huu:

(5) "Nenda," mama akasema, "lakini urudi kabla ya magharibi."

Zana ya shlex inatoa vipengele vinne:

(6) Nenda, | mama | akasema, | lakini urudi kabla ya magharibi.

Tusome orodha hiyo kama ilivyo. Kipengele cha kwanza na cha pili vikifuatana husomeka: Nenda, mama. Mama aliyekuwa msemaji amegeuka kuwa msemeshwa. Amri aliyoitoa yeye sasa inaelekezwa kwake, na kitenzi akasema kimebaki bila mtendaji wa wazi. Orodha hii ikitumiwa kutafuta maneno yanayoandamana, itatoa ushahidi wa uongo kwamba nenda na mama hukaa pamoja katika uamuru. Kwa mhakiki anayechunguza nani ana mamlaka ya kuamuru katika familia inayosawiriwa na riwaya, huo ni upotoshaji wa jambo lenyewe analolichunguza.

Mfano (5) unaonesha jambo la pili. Usemi wa mama ni mmoja, lakini umekatwa na maneno ya msimulizi na kuwa vifungu viwili. Orodha inaviona kuwa vitu viwili visivyohusiana. Kinyume chake hutokea katika usemi mrefu unaovuka aya. Katika desturi ya uchapaji inayofuatwa na vitabu vingi, kila aya mpya ya usemi huo hufunguliwa kwa nukuu, na nukuu ya kufunga huwekwa mwishoni mwa aya ya mwisho pekee. Zana inayohesabu nukuu kwa zamu, moja ya kufungua na moja ya kufunga, itaichukua nukuu inayofungua aya ya pili kuwa ndiyo inayofunga ya kwanza. Tangu hapo mambo hupinduka: maneno ya mhusika huhesabiwa kuwa ya msimulizi, na ya msimulizi huweza kuhesabiwa kuwa ya mhusika. Mwandishi hakukosea, amefuata kanuni ya sanaa yake, na zana imefuata kanuni ya sanaa nyingine.

5.0 Nukuu zisizo na alama

Tatizo lina upande mwingine ambao hauwezi kutatuliwa kwa kurekebisha zana. Kiswahili kilikuwa na njia zake za kunukuu kabla ya kuwa na alama za nukuu, na njia hizo zingali hai.

Ya kwanza ni kitenzi cha kusema pamoja na kiunganishi: alisema kwamba, wakajibu kuwa, akaniambia ya kwamba. Ya pili ni eti, pamoja na lahaja yake ati. Neno hili hufanya kazi mbili kwa pamoja: huonesha kwamba maneno yanayofuata ni ya mtu mwingine, na huonesha umbali wa msemaji nayo. Katika sentensi kama Anasema eti hana hela, eti inanukuu na inatilia shaka kwa pumzi moja. Mwandishi anayeweka nukuu za kejeli kuzunguka neno anafanya kwa alama kile ambacho eti inafanya kwa sauti. Zana inayotafuta nukuu kwa kutafuta alama haitamwona anayenukuu kwa eti, na korpasi itaonekana kuwa na sauti chache kuliko zilizomo.

Tenzi za kale zinatupa ushahidi wa wazi zaidi. Miswada ya tenzi katika hati ya Kiarabu haikutumia alama za nukuu za kisasa. Mabadiliko ya msemaji yalibebwa na vitenzi, na msikilizaji aliyafuata kwa masikio. Mhariri anayeuleta utenzi katika hati ya Kilatini na kuuwekea nukuu hufanya uamuzi katika kila ubeti: usemi unaanza katika kipande kipi, unaishia wapi, na je, kipande cha mwisho ni cha mhusika au ni maoni ya mtunzi? Mara nyingi majibu zaidi ya moja yanawezekana. Kwa hiyo programu inayogawa toleo la Kilatini kwa kufuata nukuu inagawa fasiri ya mhariri, ingawa orodha inayotokea huitwa msamiati wa mtunzi. Hati hiyohiyo ya Kiarabu, ambamo herufi ghaini iliweza kubeba sauti zaidi ya moja ikiwemo ng', inatukumbusha kwamba hata ritifaa iliyotusumbua katika sehemu ya tatu ni uamuzi wa mnukuzi.

Ushairi ulioandikwa kwa Kilatini unaongeza ugumu. Washairi hutumia ritifaa kuonesha irabu iliyodondoshwa: n'na kwa nina, 'kawa kwa ikawa. Baadhi ya kazi za kitaaluma huitumia kuonesha mpumuo, ili kutofautisha p'aa, mnyama, na paa la nyumba. Hivyo ritifaa moja ina kazi zisizopungua nne: sehemu ya herufi, ishara ya udondoshaji, ishara ya mpumuo, na nukuu moja. Mhesabu mizani anahitaji kuzitofautisha, kwa sababu ritifaa ya ng' haigusi hesabu ya mizani hata kidogo, ilhali ritifaa ya udondoshaji humwambia kwamba pana sauti iliyoondoka na kwamba mshairi aliiondoa kwa kusudi.

6.0 Kanuni zinazopendekezwa na mipaka yake

Uhakiki usioishia kwenye pendekezo ungemwacha mtafiti alipokuwa. Tunapendekeza kanuni tano, zinazofuatana kwa mpangilio.

Kwanza, maumbo ya alama yasawazishwe kabla ya kukata chochote, na usawazishaji huo urekodiwe. Pili, ritifaa iliyo baina ya herufi mbili isichukuliwe kamwe kuwa nukuu. Kanuni hii pekee inaokoa ng'ombe, n'na na p'aa, na inaafikiana na mwongozo wa Unicode kuhusu mipaka ya maneno, ambao hauruhusu kukata neno mahali hapo. Kwa watumiaji wa shlex, hatua ya karibu ni kuiagiza zana itambue nukuu mbili pekee, jambo ambalo inaruhusu ingawa mpangilio wake wa kawaida haulifanyi. Tatu, ritifaa inayotanguliwa na ng na kufuatwa na irabu, au na kiyeyusho w kama katika majina ya Kisukuma yanayoanza na Ng'w, ichukuliwe kuwa herufi. Na ikiwa na irabu mbele yake katika neno lenyewe, kama katika king'ora, hukumu ni hiyohiyo. Hapa fonolojia ya Kiswahili inatusaidia. Kwa kuwa maneno yake kwa kawaida huishia kwa irabu, ritifaa inayofuata ng mwishoni mwa neno karibu kila mara itakuwa nukuu inayofunga neno la kigeni. Utata ambao katika lugha nyingine ungehitaji kamusi, katika Kiswahili unatatuliwa na muundo wa silabi.

Nne, nukuu isiyofungwa iishie mwisho wa aya na itolewe taarifa, ili mtafiti aamue kama ni kosa la uchapaji au ni usemi unaovuka aya. Zana isiruhusiwe kumeza kimya. Tano, alama za nukuu zisifutwe. Kila neno katika orodha libebe maelezo ya kama lilikuwa ndani ya nukuu au nje, na kila kifungu kielezwe kuwa ni cha mtajo au cha usemi. Kwa njia hiyo maneno ya usemi yanaweza kuhesabiwa moja moja bila kumpoteza msemaji wake, na mfano (5) hautamgeuza mama kuwa msemeshwa.

Kanuni hizi zina mipaka. Ritifaa ya mwanzoni mwa neno, kama ya 'kawa, inafanana kabisa na nukuu moja inayofungua, na hakuna kanuni ya umbo itakayozitofautisha katika shairi lililochapwa kwa nukuu moja. Tofauti ya mtajo na usemi inaweza kukisiwa kwa kuangalia kama pana kitenzi cha kusema karibu, lakini kukisia si kujua. Usemi huru usio dhahiri, ambamo fikra za mhusika huingia katika lugha ya msimulizi bila alama wala kiunganishi, hautakamatwa na kanuni yoyote kati ya hizi. Katika mambo hayo matatu hapana budi msomaji anayeijua lugha akae na matini na kuiwekea alama kwa mkono.

Inaweza kudaiwa kwamba mjadala huu ni wa muda tu, kwa kuwa mifumo mipya ya lugha hujifunza kukata matini yenyewe kutokana na wingi wa data. Dai hilo linapuuza chanzo cha data. Mfumo unaojifunza kutokana na matini ambamo ng'ombe tayari amekuwa ngombe utajifunza ngombe. Lugha zenye bahari ya matini zinaweza kuvumilia uchafu wa aina hiyo, kwa kuwa mifano sahihi huufunika. Matini za Kiswahili zilizomo katika mfumo wa kidijiti ni chache zikilinganishwa na za Kiingereza, na hivyo kila kosa la ugawaji lina uzito mkubwa zaidi.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba zana tatu za kawaida zinaigawa sentensi moja ya Kiswahili kwa namna tatu, na kwamba hata ile iliyopatia imepatia kwa sababu zisizohusu Kiswahili. Imeonesha kwamba ritifaa ya ng' ni herufi inayosomwa na mashine kuwa alama, kwamba makosa ya kimya huharibu data bila mtafiti kujua, na kwamba kuzifuta nukuu ni kuzifuta sauti.

Mambo mawili yanafuata kwa vitendo. La kwanza linawahusu watafiti na wasimamizi wao: tasnifu au makala inayotoa takwimu za msamiati kutokana na kompyuta ieleze zana iliyogawa matini, mpangilio wake, na namna ritifaa na nukuu zilivyoshughulikiwa. Bila maelezo hayo takwimu haziwezi kurudiwa wala kupingwa. La pili linahusu mafunzo. Mwanafunzi wa isimu anayefundishwa kutumia zana hizi apewe kwanza sentensi fupi zenye ng', nukuu na maneno ya msimulizi katikati ya usemi, ahesabu vipengele kwa mkono, kisha alinganishe na hesabu ya mashine. Zoezi hilo la dakika chache litamfundisha kwamba swali la neno ni nini, ambalo isimu imelijadili kwa muda mrefu, hujibiwa kila mara programu inapokata matini, na kwamba jibu lililomo ndani ya zana linaweza kuwa limeandikwa na mtu ambaye hakuwahi kukifikiria Kiswahili.